Kwa Nini Mashine Mbili za MRI Hutofautiana Juu ya Mwili Mmoja?

Mpige mtu picha ya ubongo leo kwa MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, kesho umrudie kwa mashine nyingine. Daktari ataona ubongo uleule, lakini kompyuta ikisoma weupe wa kila doa itakuta namba nyingine kabisa. Na huenda mashine zote mbili ni nzima.

Kwenye CT, picha za mwili zinazopigwa kwa eksirei, maji ni 0 na hewa ni -1000 popote duniani. Skeli hiyo huitwa Hounsfield. Picha za kawaida za MRI hazina skeli ya namna hiyo. Mashine huvichokoza kwa mawimbi ya redio viini vya haidrojeni, vilivyojaa kwenye maji na mafuta ya mwili, kisha hupokea ishara vinayorudisha. Nguvu ya ishara hiyo hutokana na tishu, ndiyo, lakini pia na antena iliyo karibu na mwili, kiasi ishara ilivyokuzwa, na muda uliopangwa kati ya wimbi na wimbi.

Sumaku nayo ina lake. Nguvu yake hupimwa kwa tesla. Kwenye tesla 1.5 viini huitikia kwa megahezi 64 hivi. Kwenye tesla 3, maradufu. Sumaku ikiwa na nguvu zaidi, muda wa tishu kurudia utulivu wake, uitwao T1, hurefuka. Basi hata ukiacha weupe ukapima T1 kwa milisekunde, jibu linabaki limefungwa na sumaku uliyoitumia.

Mfumo wa DICOM, unaotumika kuhifadhi picha za hospitali, umesanifisha faili, si maana ya namba zilizomo. Tena watengenezaji wa mashine, Siemens, GE na Philips, kila mmoja ana mipangilio yake ya mawimbi, na mingi ni siri ya biashara.

Anayetafuta uvimbe hasumbuki sana, kwa kuwa jicho hulinganisha doa na jirani yake. Anayesumbuka ni yule anayeuliza kama ubongo umesinyaa asilimia moja. Mradi wa ADNI, ulioanza Marekani mwaka 2004 kufuatilia Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ulilazimika kuoanisha mipangilio ya mashine mbalimbali na kupiga picha fantomu, chombo chenye maumbo ya vipimo vinavyojulikana, ili kuona picha inapopinda. Na fantomu nayo si ya kuaminiwa kijinga: joto likibadilika, T1 ya kimiminika chake hubadilika pia.

Ndiyo maana mgonjwa anayefuatiliwa kwa miaka hushauriwa arudi kwenye mashine ileile, kwa mpangilio uleule.