Picha yako haijakatwa, acha kuipakia upya

Wiki hii tena: "Tumesasisha tovuti, sasa simu inakata picha zetu zote. Turudishie picha." Ukifungua tovuti hiyohiyo kwenye kompyuta, picha ni nzima na watu wana vichwa na miguu. Kwenye simu wamebaki viwiliwili. Hukumu inatoka papo hapo kwamba sasisho limeharibu picha, na mwenye tovuti anakesha akizipunguza moja moja na kuzipakia upya. Nimechoka kulieleza hili kwa mdomo. Atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo cha ukurasa huu.

Hakuna aliyeigusa picha yako. Faili iko kwenye seva na pikseli zake zote. Kilichobadilika ni fremu inayoionyesha. Ukipunguziwa dirisha husemi mlima umekatwa. Bonyeza picha kwa muda, ifungue kwenye kichupo kipya, uitazame. Ikitokea nzima, habari ya "kuharibika" imekwisha, tunabaki na habari ya CSS, yaani maagizo yanayopanga mwonekano wa tovuti.

Ikitokea imekatwa hata hapo, tazama jina la faili kabla hujapiga kelele. Likiishia na kitu kama 150x150, unatazama kijipicha. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kwa mipangilio yake ya kawaida hutengeneza kijipicha cha pikseli 150 kwa 150 ambacho kweli hukatwa kikawa mraba, huku faili asilia ikibaki pembeni bila kuguswa. Ukibadili themu, yaani vazi la tovuti, vipimo vipya huhusu picha utakazopakia baadaye; za zamani zinaendelea na vijipicha vyao vya zamani hadi uviagize vitengenezwe upya. Ni amri moja tu ya zana ya WP-CLI, wp media regenerate, wala haihitaji mkesha.

Sasa hesabu, kwa sababu watu hudhani kukata ni ajali. Fremu ikiwa na umbo lake na picha ina umbo lake, agizo la CSS liitwalo object-fit: cover huikuza picha mpaka ijaze fremu, na kinachozidi hufichwa. Picha ya 4:3 (upana 4 kwa urefu 3) iliyolala, ukiiweka kwenye mraba, inaficha robo ya upana wake. Ya 3:2 inaficha theluthi. Ukichukua picha ya mtu aliyesimama, 3:4, ukaiweka kwenye fremu ya 16:9, inaonekana asilimia 42 tu ya urefu wake. Zaidi ya nusu ya mtu imefichwa, na cover imefanya kazi yake sawasawa kama ilivyoagizwa. Hapo usiilaumu programu, mlaumu aliyechagua fremu ya 16:9 kwa picha za watu waliosimama.

Swali linalonikera zaidi ni hili: mbona simu tu? Jibu ninaloletewa kila mara ni kwamba simu ni ndogo. Udogo wenyewe haukati chochote. Picha ikipungua upana na urefu kwa uwiano uleule, itaonekana nzima hata kwenye kioo cha saa. Kukata kunahitaji upana upungue na urefu ukatae kupungua, na lazima kuwe na sababu ya huo ukaidi.

Sababu ninayokutana nayo mara nyingi baada ya sasisho ni hii. Tangu mwishoni mwa 2019 vivinjari vilianza kusoma width (upana) na height (urefu) zilizoandikwa kwenye tagi ya picha, img, ili kujua uwiano wake kabla haijashuka, ukurasa usirukeruke wakati wa kupakia. Ni jambo zuri. Waandishi wa programu za tovuti nao wakaanza kuziandika namba hizo kwa bidii. Sasa chukua CSS ya zamani inayosema max-width: 100%, yaani upana usizidi nafasi iliyopo, na kunyamaza hapo. Miaka yote ilifanya kazi, kwa sababu tagi haikuwa na height na urefu ulijifuata wenyewe. Sasisho linaingia, tagi inapata width 1200 na height 800. Kwenye kompyuta yenye safu ya upana wa 1200 au zaidi, huoni tofauti yoyote. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 390 za CSS, upana unabanwa hadi 390, lakini urefu unabaki 800, maana hakuna aliyeuambia upungue. Ulipaswa kuwa 260.

Kama hakuna object-fit, picha inavutwa na nyuso zinarefuka kama za farasi. Kama themu imeweka cover, ambayo themu nyingi huiweka siku hizi, picha inakatwa: katika upana wa 1200 unaona 390, chini kidogo ya theluthi, kipande cha katikati. Dawa ni maneno mawili, height: auto. Nimeona watu wakibadilisha seva kwa tatizo hili.

Na tafadhali, usiiongeze hiyo kwa !important, neno la kulazimisha agizo lishinde mengine, kwenye kila img ya tovuti nzima. Utaziponya picha za makala na kuvunja gridi ya matunzio, nembo, na picha za wasifu, ambazo urefu wao umewekwa kwa makusudi. Lenga picha zilizo ndani ya maandishi. Gridi ina mjadala wake.

Kwenye mjadala huo ndipo uhakika wangu unapokwisha. Vitabu vitakuambia uchague kati ya cover na contain, inayoonyesha picha nzima ndani ya fremu, kana kwamba unachagua kati ya kosa na sahihi. Contain haikati kitu, ila picha za maumbo tofauti zikikaa pamoja, gridi inaonekana kama meno yaliyong'oka, na mteja yuleyule aliyelia vichwa vimekatwa atarudi kulia kuhusu mistari mitupu. Kuna object-position pia, inayoamua sehemu ipi ya picha ibaki kwenye fremu. Kwa kawaida hushika katikati, 50% 50%. Ukiipandisha hadi 50% 20%, vichwa vingi vinaokoka, mpaka mtu apakie picha ya viatu. Nikiulizwa ipi ni sahihi, jibu langu hutegemea picha zilizo mbele yangu siku hiyo, na siwezi kujivunia jibu la namna hiyo.

Kuiachia mashine ichague nako nina shaka nako. Twitter ilikuwa na mfumo uliokisia sehemu muhimu ya picha na kukata iliyobaki. Mwaka 2020 watumiaji wakauonyesha ukipendelea sura za watu fulani kuliko wengine, na Mei 2021 kampuni ikaanza kuonyesha picha za maumbo ya kawaida zikiwa nzima kwenye simu. Mashine inaweza kuuona uso. Haijui kama umepiga picha kwa ajili ya uso au kwa ajili ya bango lililo nyuma yake.

Tofauti ya kuficha na kukata si ubishi wa maneno. Hadi Agosti 2015, Instagram ilikubali mraba tu. Kilichobaki nje ya mraba hakikupanda kabisa, na hakuna mtu wa kukirudisha isipokuwa wewe mwenye faili asilia. Januari 2025 gridi ya wasifu ikageuzwa kutoka miraba kuwa mistatili iliyosimama, na waliokuwa wamepanga miraba yao ikaunda picha moja kubwa wakakuta pande zimeliwa. Safari hii picha zenyewe hazikuguswa. Ukibonyeza moja, inafunguka nzima. Malalamiko yalifanana, ila la kwanza halina dawa bila faili asilia.

Ndiyo maana wale wanaokesha wakipunguza picha hunitia hofu. Faili ilikuwa nzima, wao ndio wanaoikata kweli ili iingie kwenye fremu ya leo, halafu wanafuta ile ya zamani ili kuokoa nafasi.

Mengine kwa haraka. Mwaka 2020 Chrome, kuanzia toleo la 81, ilianza kutii alama ya mzunguko iliyomo ndani ya picha za simu bila kuagizwa. Tovuti zilizokuwa zikizizungusha zenyewe kwa CSS zikajikuta zinazizungusha mara mbili, na picha iliyogeuka kutoka kulala hadi kusimama inafichwa sehemu nyingine kabisa. Picha ya ukurasa mzima iliyopewa 100vh, yaani urefu wote wa skrini, hukatwa chini kwa sababu kipimo hicho hakihesabu upau wa anwani wa kivinjari, tumia svh, kinachouhesabu. Na ukisharekebisha CSS, simu inaweza kuendelea kukuonyesha ile ya zamani iliyo kwenye akiba yake, kwa hiyo badilisha namba ya toleo kwenye kiungo cha faili ya CSS kabla hujanipigia kuniambia haijafanya kazi.

Ukishindwa kabisa, niletee kiungo cha ukurasa, jina la kivinjari, na picha ya skrini ya simu. Picha zenyewe baki nazo.