Karatasi ya kuuziana si hati ya nyumba

Hapa Lubumbashi, mtu anayetaka kununua nyumba chakavu katika komuni ya Katuba au ya Kenya, aitengeneze kisha aipangishe, huambiwa hivi: lipa mbele ya mashahidi, shefu wa mtaa apige muhuri, parsele, yaani kiwanja na nyumba yake, ni yako. Wazee wetu waliishi hivyo, na wengi hawakusumbuliwa na mtu.

Lakini sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema jingine. Udongo ni mali ya Serikali, wala hauuzwi. Mwananchi hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha uandikishaji peke yake, kile watu wanachokiita sertifika. Karatasi yenu ya mauzo inaonyesha kwamba mlikubaliana bei. Bado haijakufanya mwenye haki.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu mabati na simenti, nenda kwa mhifadhi wa hati za ardhi, uulize cheti kiko kwa jina la nani. Mara nyingi utakuta jina la marehemu, na watoto wake si wote waliosaini. Au utaonyeshwa livret de logeur, kile kitabu cha zamani cha mwenye kukaa kwenye parsele. Usikitupe, kinaweza kuwa mwanzo wa kuomba cheti, ila chenyewe si cheti.

Ukishapata mpangaji, kumbuka garanti ya nyumba ya kuishi, yaani pesa anazoweka mpangaji akiingia, haipiti kodi ya miezi 3 kisheria, hata kama jirani anadai 6.