Volime si unene, na ukali si jasho

"Yaya, mimi sitaki volime. Nitakuwa munene, na kinga itanishinda."

Aliyeniambia hivyo ni kijana mwenye miguu ya swala, tukiwa tumesimama mlangoni pa salle. (Vitabu vinasema ukumbi wa mazoezi. Hapa Lubumbashi sijawahi kumsikia mtu akisema hivyo. Na kinga kwetu ni baiskeli, Yaya ni dada au kaka mkubwa.) Amejiwekea shabaha ya kumaliza triatloni ndefu (kuogelea, kinga, kisha kukimbia, kwa mfululizo) kabla hajafikisha miaka 30, na kochi wake amemhakikishia kwamba dakika 40 za mazoezi makali, mara nne kwa wiki, zinatosha. "Entansite, si volime," kochi amesema. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno sasa, na kila anayeitamka ana maana yake mfukoni.

Basi maana kwanza, haraka. Volime, kwa Kiswahili wingi, ni jumla ya kazi uliyofanya: saa ngapi au kilomita ngapi kwa wiki. Entansite, kwa Kiswahili ukali, ni kiasi ambacho mwili unakazwa katika dakika hii, ukilinganishwa na upeo wa mwili huohuo. Kila zoezi lina vyote viwili. Hata kutoka nyumbani kwenda kununua mkate kuna wingi wake na ukali wake.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Kijana wangu anaogopa volime kwa sababu ku salle watu wanasema "kuchukua volime" wakiwa na maana ya kujaza kifua na mikono. Wamelitoa kwenye Kifaransa cha wanyanyua vyuma, na kule kwao si kosa. Lakini neno lenyewe limesafiri sana kabla ya kufika kwenye mikono ya mtu. Warumi waliita volumen kile kitabu cha zamani kisichokuwa na kurasa za kufunua, utepe mrefu wa mafunjo uliozungushwa kama mkeka, kutoka kitenzi volvere, kuzungusha. Kazi ndefu ilihitaji mizungusho mingi, ndiyo maana Wafaransa wanakiita volume hata leo kitabu kimoja katika mfululizo. Kutoka kitabu neno likahamia kwenye ukubwa wa kitabu, kisha kwenye ukubwa wa kitu chochote, mwishowe likaingia kwenye kitufe cha redio. Wanamichezo wa mbio ndefu walipolichukua walilirudisha karibu na kwao: mizunguko mingi, utepe mrefu. Hakuna mahali hapo palipotajwa mkono mnene. Mtu anayeendesha kinga saa 12 kwa wiki ana volime kubwa, na kwa kawaida ni mwembamba kama ufito.

Entansite nayo inatoka kwa intendere, kuvuta kitu mpaka kikaze. Hapo Kiswahili kilikuwa na neno tayari, tena tunalipiga kelele kila Jumapili uwanjani: kaza! Ingekuwa juu yangu, tungesema mkazo, ila wanasarufi wamekwisha kulichukua kwa ajili ya silabi. Fikiria zile kamba za mpira zinazokatwa kutoka kwenye mipira ya ndani ya magurudumu ya zamani, zinazofungia mizigo nyuma ya kinga. Kamba fupi unaweza kuikaza mpaka ilie. Kamba ndefu inaweza kulegea. Urefu ni habari moja, mkazo ni habari nyingine, na hakuna muuza kamba atakayekuambia kwamba hii imekaza sana kwa hiyo ni ndefu.

Lakini tumeshazoea ukali, na ukali una mtego wake. Jua kali, mwalimu mkali, pilipili kali: kwetu kikali ni kile kinachouma. Kwa hiyo mtu akitoka jasho, akichoka, akilala na viatu, anasema alifanya mazoezi makali. Huenda alifanya marefu tu. Kula pilipili hoho kumi, tumbo litakusumbua usiku kucha, na bado hoho haitakuwa pilipili kali. Uchovu unaletwa na wingi, unaletwa na ukali, unaletwa na joto la Oktoba, unaletwa hata na kulala njaa. Jasho haliwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo.

Kipimo rahisi ni mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima huku unaenda, ukali ni mdogo. Ukitoa maneno matatu kisha unavuta pumzi, umepanda. Usipotaka kabisa kuulizwa jambo, uko juu.

Kwa kipimo hicho, watazame wale wanaoingia mjini alfajiri kutoka upande wa Kasenga, kinga zimefunikwa na magunia ya makala, yaani mkaa, mpaka mtu haonekani. Wapita njia wanasema ile ni kazi kali. Kwenye tambarare wale watu wanaongea, wanacheka, mmoja anamsimulia mwenzake habari za shemeji yake. Ukali wao hapo ni mdogo ingawa njia ni ya saa nyingi. Wakifika kwenye kilima wanashuka, wanasukuma, na maongezi yanakatika ghafla. Huo ndio ukali, na unadumu dakika chache mpaka juu. Safari moja, vitu viwili. Ukiviunganisha unapata kile ambacho Wafaransa wanakiita charge na sisi tunakiita mzigo, neno ambalo watu wa makala hawahitaji kufundishwa.

Triatloni ndefu inadai nini? Ile ya Ironman ilianza Hawaii mwaka 1978, kwenye kisiwa cha Oahu, wakaanza watu 15 na wakamaliza 12. Ni kuogelea kilomita 3.8, kuendesha kinga kilomita 180, kisha marathoni nzima, kilomita 42.2, bila kulala katikati. Kwa hesabu ya hapa: katika bwawa la mita 50 unakwenda mara 76. Ukitoka majini unapanda kinga mpaka Likasi na unarudi nusu ya njia. Halafu unakimbia mpaka Kipushi, na hata hapo bado una deni la kilomita kama 12. Aliyeshinda mara ya kwanza alitumia karibu saa 12, na wengi wa leo wanatumia zaidi ya hapo.

Hakuna binadamu anayeweza kukaza kamba kwa saa 12. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini haifiki jioni, kwa hiyo mwili lazima uwe umejifunza kuchoma mafuta kwa mwendo wa wastani na kupokea chakula njiani bila kutapika. Mazoezi makali yanaongeza nguvu ya moyo, yanaongeza hata zile mitokondria, vinu vidogo vya nguvu ndani ya misuli, hilo silibishi. Lakini kano za miguu zinakomaa polepole kuliko moyo, makalio yanajifunza kiti cha kinga kwa kukikalia, na tumbo linajifunza kula bukari (ugali) baridi ukiwa unapiga pedali kwa njia moja tu.

Kochi, nilipomuuliza kwa heshima, alinitajia Tabata. Vizuri. Izumi Tabata na wenzake wa Japani walichapisha jaribio lao mwaka 1996: sekunde 20 za kazi, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane, dakika nne zimekwisha. Watu wakazipenda zile dakika nne, wakaliacha lile jambo zito nyuma. Zile sekunde 20 zilifanywa kwenye baiskeli ya maabara kwa asilimia 170 ya kazi inayoufikisha mwili kwenye upeo wake wa kutumia oksijeni, mpaka mtu akashindwa kuendelea kupiga pedali. Kuruka kamba kwa muziki si hiyo. Tena katika siku tano za wiki, moja ilianza na nusu saa ya mwendo wa wastani, na sijamsikia kochi yeyote akiitaja nusu saa hiyo. Jaribio lilipima oksijeni, likapima na uwezo wa kufanya kazi bila oksijeni, na lilifanikiwa. Halikumuuliza mtu kama ataweza kukaa kwenye kinga saa sita kisha akimbie.

Wala wingi na ukali si timu mbili kama Mazembe na Lupopo. Emil Zátopek, aliyechukua medali tatu za dhahabu Helsinki mwaka 1952 katika mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, alikuwa akirudia mita 400 makumi ya mara kwa siku. Mwambie achague upande! Na Stephen Seiler, Mmarekani anayefundisha Norway, alipochunguza mazoezi ya mabingwa wa mbio ndefu, kinga na kupiga makasia aliona kwamba takribani vipindi vinane kati ya kumi ni vya ukali mdogo, na viwili ndivyo vikali kwelikweli. Kosa la wengi wetu ni kufanya vyote kumi katikati: vya haraka kidogo kuzidi vya kupumzisha, na laini kidogo kuzidi vya kukaza.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayehesabu nauli. "Sasa Yaya, nikiulizwa niseme nafanya nini?"

Nilimwambia aseme anafanya makali mara nne kwa wiki, maana hayo anayafanya kweli na anayafanya vizuri. Kuhusu Jumapili, siku anayopaswa kuwa kwenye barabara ya Likasi tangu alfajiri, asiseme kwamba volime haina faida. Aseme tu bado hajaianza.