Damu ya Kuongezewa: Je, Chembe za Mchangiaji Hubaki Mwilini?

Mtu aliyezinduka wodini baada ya ajali mbaya na kuambiwa ameongezewa chupa nane za damu huwa na swali ambalo mara nyingi haliulizi kwa sauti: damu ya watu nisiowajua imo ndani yangu, itakaa hadi lini? Hilo si swali la kipuuzi wala la kishirikina, na jibu lake limewashangaza hata watafiti.

Damu niliyoongezewa huisha lini?

Inategemea ni sehemu gani ya damu. Chembe nyekundu, ambazo ndizo hasa mgonjwa anazihitaji, huishi hadi siku 120 hivi, kisha mwili huzivunja na madini yake ya chuma hutumika tena. Hazina kiini, kwa hiyo hazibebi vinasaba vya aliyezitoa. Lakini tazama mfuko wa damu uliotulia kwenye friji: chini kuna wekundu mzito, juu majimaji ya manjano, na katikati utando mwembamba mweupe, kama ule wa maziwa yaliyopoa. Kwenye utando huo ndimo zilimo chembe nyeupe, askari wa kinga. Mfuko mmoja usiochujwa unaweza kuwa nazo zaidi ya bilioni moja, na kila moja imebeba vinasaba vya aliyeitoa.

Kinga yangu haizifukuzi?

Kwa wagonjwa wengi huzifukuza. Waliopangiwa upasuaji wa kawaida wakaongezewa damu, karibu chembe zote nyeupe za mchangiaji hutoweka ndani ya siku moja au mbili. Nyingine huonekana tena siku ya tatu hadi ya tano, kisha nazo huondolewa.

Kwa majeruhi mambo yalionekana tofauti. Mwaka 1999 watafiti wa California, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 10 walioumia vibaya, ambao walikuwa wameongezewa kati ya chupa 4 na 18. Mbinu yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mwanamke hana kromosomu Y, yaani kifurushi cha vinasaba cha kiume, kwa hiyo ikionekana kwenye damu yake, kuna chembe za mwanamume. Kwa 8 kati ya hao 10, chembe za wachangiaji wa kiume zilikuwa bado zimo baada ya miezi 6 hadi mwaka mmoja na nusu. Hali hii huitwa maikrokimerizimu.

Je, si huenda zilitoka kwa mtoto wa kiume aliyemzaa?

Umeuliza vizuri. Utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha kuwa chembe za mtoto wa kiume zinaweza kukaa kwa mama hadi miaka 27 baada ya kujifungua. Ndiyo maana baadaye watafiti hawakutegemea kromosomu Y peke yake. Walitumia tofauti nyingine za vinasaba, na hivyo wakaweza kuwapima wanaume pia. Chembe za wachangiaji ziliendelea kuonekana, hata kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani waliojeruhiwa miongo mingi nyuma, kwenye vita vya Vietnam, Korea na Vita Kuu ya Pili.

Hata hivyo, tafiti za baadaye hazikukuta kiwango kikubwa kama cha wale wanawake 8 kati ya 10: takriban majeruhi mmoja kati ya kumi walioongezewa damu hubaki nazo kwa muda mrefu, na kwa kawaida huwa za mchangiaji mmoja tu hata kama chupa zilikuwa nyingi. Kuichuja damu kupunguza chembe nyeupe hakujaizuia hali hii. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba jeraha kubwa na kupoteza damu nyingi hudhoofisha kinga kwa muda, na mgeni hupata upenyo wa kujikita.

Zina madhara?

Hakuna ugonjwa uliothibitishwa kusababishwa nazo. Usizichanganye na tatizo jingine, la nadra sana lakini baya, ambapo chembe za mchangiaji humshambulia mgonjwa: homa, vipele, kuhara, ini kuathirika, kisha uboho kushindwa kutengeneza damu. Huanza siku chache hadi wiki kadhaa baada ya kuongezewa, na zaidi ya asilimia 90 ya wanaolipata hufariki.

Damu ya ndugu si ndiyo salama zaidi?

Hapa naomba usome taratibu, maana huku kwetu wengi huamini hivyo. Ndugu wa damu mnafanana alama za utambulisho za chembe. Askari wa ndugu yako anaweza kuingia kinga yako isimwone kuwa mgeni, ilhali yeye anakuona wewe adui. Kufanana huko ndiko hufungua mlango wa lile tatizo baya. Japani, ambako damu mbichi ya ndugu ilitumika sana, wagonjwa wengi walipoteza maisha kabla ya damu kuanza kupigwa mionzi, inayozizuia chembe nyeupe kuzaliana. Chujio peke yake halitoshi.

Hospitali ikiwaita kuchangia, nendeni. Mara nyingi damu yenu huingia benki, mgonjwa wenu akapewa ya mtu mwingine. Ikiwa ni yenu hasa atakayowekewa, ulizeni kama inapigwa mionzi. Lakini mtu anayevuja damu nyingi anaweza kufa ndani ya dakika chache, na pale ambapo hakuna damu nyingine daktari ndiye wa kupima hatari ipi ni kubwa.

Nitabadilika tabia? Na kipimo cha vinasaba je?

Tabia haihami kwa damu, hata chembe zikibaki. Kwa kipimo cha vinasaba, waambie maabara uliongezewa lini na chupa ngapi. Wanaweza kuchukua sampuli ya ndani ya shavu badala ya damu. Tarehe hiyo kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, kwa hiyo itunze.