Vepu si Maji: Maswali Tunayoulizwa Kliniki

Sista, vepu ni kitu gani?
Ni sigara ya kielektroniki: kifaa cha betri kinachopasha moto kimiminika, mara nyingi chenye nikotini, kile kilevi cha tumbaku, hadi kitoe mvuke wa kuvuta.

Si mvuke wa maji tu?
Hapana. Si maji. Mna nikotini, propilini glikoli, gliserini na kemikali za ladha. Vikipata moto hutoa fomaldehaidi, kemikali ya sumu, na waya unaopashwa moto huweza kuacha chembe za metali ya nikeli. Vyote vinaingia mapafuni.

Lakini inanukia vizuri, tena haina majivu.
Si maji! Harufu ya embe imewekwa ili kijana asiogope. Nikotini ni ile ile, na ubongo wake, unaokua hadi miaka 25 hivi, hunaswa nayo haraka.

Mwanangu anavuta, sasa anakohoa na kifua kinambana. Nimnunulie dawa ya kikohozi kwanza?
Usinunue. Mlete. Tunachoka kupokea vijana waliozungushwa kila duka la dawa, antibiotiki hapa, dawa ya kikohozi pale, wanafika hawamalizi sentensi bila kuhema. Huko Marekani, mwaka 2019 hadi mapema 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vepu, wengi wakiwa wamevuta vimiminika vyenye kemikali ya bangi. Wengi walianza hivyo hivyo: kikohozi, kuhema, wengine kutapika.

Nisubiri Jumatatu?
Usisubiri. Akihema, akiumwa kifua au midomo ikibadilika rangi, ni usiku huo huo. Kikohozi cha wiki mbili, avute asivute, apimwe kifua kikuu.

Nimwambie daktari kuwa anavuta?
Mwambie. Mama akiwa chumbani kijana huapa hajawahi kuigusa, nasi tunatibu nimonia isiyopona. Sisi si polisi.

Kwani sheria inaruhusu?
Hairuhusu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 inakataza kuingiza na kuuza vepu Uganda. Anayekuuzia Kampala kwa siri hajui kilichomo, wala hatakupeleka hospitali.

Inasaidia kuacha sigara?
Wengi tunaowaona wanavuta vyote viwili. Njoo tukushauri.

Mtoto mdogo akinywa kile kimiminika?
Ni sumu; anaweza kutapika, kupata degedege, hata kufa. Usimtapishe. Mkimbize hospitali, na hicho kichupa kibebe.