Vipimo viko sawa, mwili hauko sawa: maana ya dalili za thairoidi zisizoisha

Kidonge anakimeza kila asubuhi, hakosi. Anapimwa damu, majibu yanatoka mazuri, anaambiwa aendelee na dozi ileile. Lakini mwili bado mzito kama wa mtu aliyetoka kulima. Baridi inampata kabla ya wenzake, nywele zinabaki kwenye kitana, choo ni kigumu, ngozi imekauka, na akiwa katikati ya mazungumzo neno linampotea mdomoni. Akirudi kulalamika anaoneshwa karatasi: kila kitu kiko sawa.

Hiyo ndiyo hali inayozungumziwa madaktari wanapotaja dalili za upungufu wa homoni ya thairoidi zinazoendelea ilhali vipimo vya damu ni vya kawaida. Si ugonjwa mwingine mpya, na jina hilo halisemi chanzo ni nini. Linasema tu kwamba karatasi na mwili havikubaliani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 5 hadi 10 katika kila 100 wanaotumia levothairoksini, yaani kidonge cha homoni ya thairoidi, wanaishi hivyo. Ni wengi mno kuambiwa kwamba ni mawazo yao tu.

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Inatengeneza homoni mbili: T4 kwa wingi, na T3 kidogo. T4 ni kama nafaka iliyo ghalani. T3 ndiyo iliyokwisha kusagwa, na ndiyo inayofanya kazi ndani ya seli. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, inayoipima damu muda wote. Ikiona homoni imepungua, inatoa homoni iitwayo TSH kuihimiza thairoidi iongeze kazi. Ndiyo maana TSH ikipanda tunajua thairoidi imelegea, na ikishuka sana tunajua homoni imezidi. Maabara nyingi huhesabu TSH kuwa ya kawaida ikiwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi.

Sasa tulitazame hilo neno “kawaida”, maana hapo ndipo watu wengi wanapoachwa njia panda. Kiwango kile hupatikana kwa kupima watu wengi wenye afya na kuchukua eneo ambamo 95 kati ya 100 wanaangukia. Ni kiwango cha kundi. Mtu mmoja hatangitangi katika eneo lote hilo. Ana mahali pake anapokaa mwaka mzima. Mwaka 2002 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wanaume 16 wenye afya waliopimwa kila mwezi kwa mwaka mmoja, wakaona kwamba eneo la kila mmoja lilikuwa na upana wa takriban nusu ya lile la kundi zima. Kwa hiyo mtu ambaye maisha yake yote TSH yake ilikuwa karibu na 1 anaweza leo kuwa na 3.8, karatasi ikaandika “kawaida”, na yeye akawa mbali na ukawaida wake. Ndiyo sababu inafaa kuiuliza namba yenyewe na kuiandika mahali, badala ya kuridhika na neno moja. Lakini haki itendeke pande zote: majaribio ya kubadili dozi kidogo, TSH ikibaki ndani ya kiwango, hayajaonesha nafuu ya wazi kwa wagonjwa wengi. Namba hiyo inaeleza sehemu ya tatizo, haielezi yote.

Kuna jambo la pili, nalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi. TSH inatuambia kama pituitari imetosheka. Haituambii kama misuli, utumbo na sehemu nyingine za mwili zimetosheka. Mtu mwenye tezi nzima hupata takriban sehemu moja kati ya tano ya T3 yake moja kwa moja kutoka kwenye tezi. Inayobaki hutengenezwa na vimeng'enya vinavyoibadili T4 katika viungo mbalimbali. Ugunduzi kwamba binadamu hubadili T4 kuwa T3 ulikuja mwaka 1970, na ndio uliowapa madaktari ujasiri wa kutibu kwa T4 peke yake: mpe mgonjwa T4, ambayo ndiyo levothairoksini, mwili utajisagia wenyewe. Kwa wengi inatosha kabisa. Lakini pituitari ina uwezo mkubwa wa kujibadilishia T4, kwa hiyo inaweza kushiba mapema na kunyamaza. Baadhi ya wanaotumia levothairoksini hubaki na T4 iliyo juu kidogo na T3 iliyo chini kidogo kuliko watu wenye tezi zao, hata TSH ikiwa nzuri. Kama tofauti hiyo ndiyo inayowachosha, utafiti bado unabishaniwa.

Kabla ya kufika huko, kipimo chenyewe kihojiwe. Levothairoksini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, kwa maji, angalau nusu saa kabla ya kula. Kahawa, vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu hupunguza kinachoingia. Hivyo viwili vya mwisho viachane nayo kwa saa nne. Dozi ikibadilishwa, TSH huhitaji kama wiki sita kutulia, kwa hiyo kupima baada ya siku kumi ni kujidanganya. Baiotini, vitamini inayouzwa sana kwa ajili ya nywele na kucha, inaweza kuvuruga mashine za maabara hadi homoni ionekane nyingi kuliko ilivyo. Inasikitisha, maana anayeitumia mara nyingi anaitumia kwa sababu nywele zinakatika.

Na ipo hali moja ambayo TSH huficha kabisa: pituitari yenyewe ikiwa ndiyo mgonjwa. Huwapata, kwa mfano, baadhi ya wanawake waliovuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua. TSH yao yaweza kusomeka kawaida huku T4 iko chini. Asiyepimwa T4 huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu, hatagunduliwa.

Halafu kuna uwezekano ambao wagonjwa hawapendi kuusikia, nami nawaelewa, kwa sababu umetumiwa mara nyingi kuwafukuza: huenda chanzo cha uchovu si thairoidi. Kuusikia si kukubali kwamba unajifanya. Ugonjwa wa Hashimoto, ulioelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, ni hali ambayo kinga ya mwili inaishambulia tezi, na kinga iliyokosea njia mahali pamoja huweza kukosea na pengine. Wagonjwa hawa hupata zaidi ya wengine upungufu wa vitamini B12 unaotokana na tumbo kushindwa kuifyonza, ugonjwa wa utumbo usiostahimili gluteni (protini ya ngano), kisukari cha aina ya kwanza, na mara chache kushindwa kwa tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Ongeza upungufu wa madini ya chuma kwa mwanamke mwenye hedhi nzito, kukatika pumzi usingizini kwa anayekoroma, sonona, na kukoma hedhi. Yote haya huchosha, na mengi yana tiba. Anayeambiwa “thairoidi yako iko sawa” ana haki ya kuuliza sentensi inayofuata: basi tutafute nini kingine?

Kuongeza dozi hadi TSH ianguke chini ya kiwango ni kishawishi kikubwa, hasa kwa aliyechoka miaka. Wengine husikia wepesi wiki za mwanzo. Gharama yake huja polepole: moyo kupiga ovyo, mifupa kupungua uimara, na hatari hupanda kwa waliopita umri wa kati. Kuongeza T3 juu ya T4 ni jambo jingine. Jaribio dogo la mwaka 1999 liliamsha matumaini makubwa, lakini majaribio mengi yaliyofuata hayakuonesha kwa ujumla kwamba mchanganyiko unashinda T4 pekee, ingawa baadhi ya washiriki walisema wanaupendelea. Kwa hiyo baadhi ya madaktari bingwa wa homoni hukubali kuujaribu kwa miezi michache, kwa vipimo vya karibu, baada ya vyanzo vingine kutafutwa, na kuusimamisha usipoleta tofauti. Mjamzito hapewi mchanganyiko huo, wala anayepanga kushika mimba: ubongo wa mtoto aliye tumboni, hasa miezi ya mwanzo, hutegemea T4 ya mama.