Samaki Mgeni na Dawa ya Kinga: Maswali na Majibu

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam hununua samaki mchana na jioni hiyo hiyo wakamfungulia mfuko ndani ya tangi lenye wenzake, kisha wiki ya pili wakaanza kuopoa mizoga. Majibu haya yanahusu samaki wa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, pekee.

Je, samaki mgeni anayeonekana mzima anahitaji dawa?

Anahitaji kwanza kutengwa kwa wiki nne; dawa ni jambo la pili. Kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe, Ichthyophthirius multifiliis, humaliza mzunguko wake kwa muda usiozidi wiki moja hivi katika maji ya joto la nyuzi 27, na kwa hiyo wiki nne hukupa nafasi kadhaa za kuyaona madoa yakitokea, madogo kama punje za chumvi ya mezani. Ugonjwa huu hutibiwa unapoonekana, tena kwa dozi za kurudiarudia, kwa sababu dawa humuua kimelea anapoogelea huru majini tu, si akiwa amejificha chini ya ngozi ya samaki. Minyoo ya matamvua, yaani viungo vya kupumulia vya samaki, ni habari nyingine: haionekani kwa macho, na pengine dalili pekee ni samaki kujikuna kwenye mawe au kupumua haraka. Hiyo ndiyo sababu dawa ya minyoo ndiyo pekee ambayo mimi nakubali itolewe kabla ya dalili.

Dawa yenyewe ni ipi, na hupimwaje?

Ni prazikwanteli, ile ile ya kichocho wanayopewa wanafunzi shuleni. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 2.5 kwa kila lita, na kosa kubwa hutokea kwenye kukadiria maji kuliko kwenye dawa. Zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30, lenye maji ya kimo cha sentimita 25, lina lita 45, na litahitaji miligramu 112 hivi, yaani pungufu kidogo ya sehemu moja ya tano ya kidonge cha miligramu 600. Dawa hii huyeyuka kwa shida, kwa hiyo isage iwe unga laini na uikoroge kwenye kikombe cha maji kabla ya kumimina. Ondoa mkaa kwenye kichujio, la sivyo mkaa huo utainyonya dawa yote. Kwa kuwa mayai ya baadhi ya minyoo hiyo hayafi, badilisha sehemu ya maji na urudie dozi baada ya wiki moja hivi.

Tangi la karantini liweje?

Beseni kubwa linatosha, bila kokoto, likiwa na pampu ya hewa na sponji ya kichujio iliyokaa wiki kadhaa katika tangi la zamani ili iwe na bakteria wa kusafisha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Maji ya bomba yana klorini. Yaache siku nzima yakipulizwa hewa. Anayetumia maji ya kisima ayaonje kwanza, maana visima vingi vya jiji hili vina chumvi. Umeme ukikatika wakati dawa imo majini, badilisha sehemu ya maji mapema, kwani maji yetu ya joto hubeba oksijeni kidogo.

Kwa nini nisiweke antibayotiki, kwa tahadhari?

Niliwahi kufanya hivyo. Nilifungua kapsuli za tetrasaiklini nikazimwaga tangini pamoja na dawa ya buluu ya methilini siku moja. Maji yakabadilika rangi, na siku ya nne sponji ikaanza kunuka. Bakteria wa kusafisha maji walikuwa wamekufa, na samaki waliuawa na amonia, si na ugonjwa wowote. Zaidi ya hapo, tetrasaiklini hushikwa na kalisi ya maji magumu na kupungua nguvu, na dozi hafifu ndiyo inayozalisha bakteria sugu. Antibayotiki isubiri vidonda au mapezi yanayooza, na ikiwezekana daktari wa mifugo.

Je, karantini inamhusu na mfugaji?

Ndiyo. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huishi katika matangi na huingia mwilini kupitia mchubuko mdogo wa mkono. Usitumbukize mkono wenye jeraha bila glavu, na usinyonye maji kwa mdomo kupitia mpira. Uvimbe mwekundu kidoleni usiopona kwa majuma kadhaa upelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kwamba unafuga samaki, kwa sababu bila taarifa hiyo ni rahisi kuudhania jipu la kawaida, na tiba yake huchukua miezi.